Mubi ilipomlilia Mzee wa Barua

Habari ya kifo chake imenifikia kwa ujumbe wa sauti, uliotumwa na kijana wa pikipiki ambaye siku zote huongea kama vile injini bado inaunguruma chini yake. "Kaka, pole sana," anasema. "Mama yetu wa duka ametuacha. Tuko hapa kwake, bantu ni wengi, kiti hazitoshi. Nimeona heri uyisikie kwangu, usiyisikie mu njia." Niliusikiliza ujumbe huo, nikausikiliza tena, kisha nikaona mikono yangu inafuta vumbi kwenye meza ambayo haikuwa na vumbi. Wasomaji wa safu hii mmenizoea, mnajua kwamba jambo likinizidi nguvu natafuta kitu cha kunyoosha. Siku hiyo nilinyoosha kila kitu kilichokuwa chumbani, na kilipokwisha kunyooka kila kitu, mama yule alikuwa bado amekufa.

Alikuwa mfanyabiashara, mtu wa upande wa Butembo, Mkatoliki wa misa ya kwanza, na aliendesha duka la vipuri vya pikipiki pale Mubi, kwenye barabara ya msituni inayokwenda machimboni. Sikuwa ndugu yake. Nilikuwa na meza tu kwenye baraza lake, nikitengeneza simu, kazi niliyojifundisha mwenyewe kama nilivyojifundisha Kiswahili hiki cha kuandika, kwa kufungua, kuharibu na kufunga upya. Hakunidai kitu kwa nafasi ile ila kuvumilia utani wake. Nilikuwa, na bado niko, mtu wa wasiwasi: simu ikishapona naifungua tena ili nione kama imepona kweli. Yeye alikuwa akinitazama kutoka nyuma ya rafu za cheni na mipira ya magurudumu, anatikisa kichwa. "Wee mutoto," ananiambia, "ile simu imeshapona. Unamupasua tena juu ya nini? Utaua mugonjwa mwenye alikuwa anajiendea kwao." Wateja wanacheka, nami nacheka, halafu akigeuka naifungua tena.

Kuna jambo moja ambalo kila mtu Mubi alilijua, na bila hilo hamtaelewa ninayotaka kuwasimulia. Mume wake aliondoka siku moja kwenda Pinga na pikipiki iliyobeba sabuni, chumvi na betri, kwa sababu lori halifiki huko, na hakurudi. Si yeye, si pikipiki, wala hata kofia. Wengine walisema ameonekana mahali fulani, wengine walisema tusijidanganye. Familia ya mume, ambayo ni ya watu wema na nasema hivyo bila kejeli, ilikataa kilio. Kwao, kumkalia kilio mtu ambaye maiti yake haijaonekana ni kama kumuua kwa mikono yenu wenyewe. Mama mzazi wa mume, huko Butembo, alikuwa bado anamwekea chakula pembeni kila jioni. Kwa hiyo mama wa duka akabaki katikati, hana jina. Wajane wa parokia walipokutana hakualikwa, na wenye ndoa walipobarikiwa alikaa kwenye benchi la nyuma. Hakuwa anatafuta mume mwingine wala mali. Alichokosa ni ruhusa ya kulia, na ruhusa hiyo ilikuwa mikononi mwa shemeji yake, mdogo wa mume, aliyekuwa akimletea vipuri kwa lori kutoka Butembo na kila alipofika aliuliza jambo lilelile: "Hakuna habari?" Naye alijibu, "Hakuna habari, shemeji." Kisha wanashusha mizigo.

Sasa niwapeleke kwenye chumba cha nyuma. Nyuma ya duka palikuwa na chumba chenye mabenchi, na juu ya sanduku la mbao palikuwa na televisheni iliyokula umeme wa jua kutoka kwenye bati. Msimu wa mvua barabara inapogeuka uji, madereva wa lori hulala Mubi hadi matope yakubali, na vijana wa pikipiki hawana abiria. Chumba kile kilikuwa kimbilio lao. Ungedhani walikuwa wakitazama mpira au filamu za bunduki, na kweli vyumba vingine vya Mubi vilionyesha hayo. Kwa mama huyu kulikuwa na kitu kimoja tu, mfululizo wa zamani wa nchi ya baridi, uliotafsiriwa kwa Kifaransa, ambao rangi zake zilikuwa zimepauka kama kitenge kilichofuliwa miaka mingi. Mtu fulani aliunakili kutoka kanda hadi kwenye flash, na mikwaruzo ya kanda ikaja nayo. Ndani yake hakuuawa mtu, wala hakuna aliyekimbia na godoro kichwani. Palikuwa na kijiji chenye kanisa, mama mwenye tanuri la mikate, burgumestri, yaani mkuu wa kijiji, asiyejua alipoweka miwani yake, na mzee wa posta aliyezunguka kwa baiskeli akigawa barua. Kisa cha siku nzima kingeweza kuwa mbuzi aliyekula maua ya kanisa.

Wengi wa waliokaa pale hawakufuata Kifaransa chote, na hakuna aliyejali. Wahusika walikwishapewa majina. Burgumestri alikuwa Shefu Miwani, mwenye tanuri akawa Mama Mukate, na mzee wa posta aliitwa Mzee wa Barua. Watu waliongea nao kama wanavyoongea na jirani kupitia ua.

"Shefu, iko ku kichwa! Miwani iko ku kichwa yako!"

"Huyu ni shefu ya namna gani? Kwetu ile mbuzi ingeshakuwa brosheti, na mwenye mbuzi angeshalipa amende ya maua."

"Sikia ile cheni ya Muzee wa Barua vile inalia. Ailete hapa, Mama aipakie mafuta."

"Kwa bei gani?" mama anauliza kutoka dukani, bila kugeuka.

"Mama! Muzee mwenye anapeleka barua ya bantu, utamulipisha?"

Nikiwa barazani, na bisibisi mkononi, nilisikia hayo yote na kujiuliza kwa nini wanapenda hicho tu. Nakiri mbele yenu kwamba swali lile lilikuwa langu mwenyewe kwa siri. Mimi pia nilikuwa nimejinakilia mfululizo ule kwenye simu, nikiutazama chini ya shuka nikiwa na hofu, na niliona haya. Niliamini kijana anayetaka kuandika anapaswa kusikiliza taarifa za habari mwanzo hadi mwisho, ajue kijiji gani kimekimbiwa na daraja gani limevunjwa. Kumtazama burgumestri akitafuta miwani, wakati watu wanapita barabarani na vitanda vyao, nilikuona kama kukwepa zamu. Nilijaribu kupata sababu inayoheshimika. Nikasema labda ni upole wa sauti, labda ni kwamba taabu za kule ni ndogo na zinaisha kabla ya muziki wa mwisho. Kila sababu niliifungua kama simu na kukuta haijatosha.

Siku moja mvua ilipokuwa inapiga bati na duka halina mteja, nilimuuliza. "Mama, hii kipande umeshaiangalia. Unajua yote yenye itapita. Juu ya nini unairudilia?"

Alikuwa anapanga plagi kwenye kopo. "Kule bantu wanafikaka," akasema.

"Wanafika wapi?"

"Kwenye wanaenda. Angalia ule muzee. Anatokaka asubui na baiskeli, anapita ku daraja, anapita ku kilima, na anafika. Kesho anatoka tena, na anafika tena. Weye hauonake ile?"

Sikuwa nimeona. Nilikuwa nimetazama sura, nguo, mikwaruzo ya kanda na makosa ya tafsiri, na sikuwa nimeona kwamba kila kipande cha mfululizo ule kinamwonyesha mwanamume anayeondoka nyumbani kwake na mzigo na kurudi jioni akiwa mzima. Nilirudi mezani kwangu.

Sasa flash ile ilikuwa na nusu tu ya mfululizo. Tulikuwa tumeizunguka nusu hiyo hadi watu wakaijua kama sala. Kisha dereva mmoja wa lori, mtu mnene mwenye kucheka na tumbo, akarudi kutoka Goma na flash nyingine. "Mama, nimekuletea yenye inabakia!" Siku hiyo chumba kilijaa hadi mlangoni. Hata mama wa mandazi, aliyekaanga mbele ya duka, aliacha karai lake kwa binti yake akaja kusimama. Tukatazama kipande kimoja, viwili, Shefu Miwani akapata miwani mipya na kuipoteza. Halafu kikaja kipande ambacho Mzee wa Barua hakutoka asubuhi. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta. Ndani alikuwa amelala kitandani kwake, shuka safi hadi kifuani, Mama Mukate amemshika mkono, na majirani wamesimama kwenye ngazi wamevua kofia. Akasema maneno machache, akafumba macho. Baada ya hapo tukaonyeshwa makaburi, padri anasoma kwa haraka kwa sababu ya baridi, watu wanakunywa chai, kisha Mama Mukate anafungua duka lake na kijana mgeni anapita na baiskeli akigawa barua. Muziki.

Aliyetangulia kusema ni mama wa mandazi.

"Njo vile tu?"

"Vile gani?"

"Kikombe moja ya chai, na bantu wanarudi ku kazi? Kilio iko wapi? Kuni iko wapi? Nani amelala pale kwake?"

"Pengine kwao haiko vile," akasema kijana wa pikipiki.

"Kwao haiko bantu? Muzee mwenye alizunguka na barua yao maisha yote, hata mama moja hakumulalia chini?"

Dereva mnene akavua kofia yake, nadhani hakujua kwamba ameivua. "Sisi tuko majirani wake," akasema polepole. "Lori yangu imelala mu matope, siendi fasi yoyote. Kuni iko mingi kule nyuma. Mi nitaleta."

"Mi niko na maharagi," akasema mwingine.

"Na fundi wa simu ataleta nini?"

"Ataleta wasiwasi. Iko nayo mingi."

Wakacheka, lakini walikuwa wanainuka kweli. Hapo mimi, mpenda usahihi, nikashindwa kujizuia. Nilisimama mlangoni nikawaambia kwamba yule ni mchezaji wa filamu, kwamba alilipwa kufumba macho, na kwamba kwa jinsi filamu ilivyo ya zamani huenda yeye mwenyewe ameshakufa kitambo.

"Ameshakufa kweli?" mama wa mandazi akauliza.

"Pengine."

"Bon. Basi njo zaidi."

Dereva akaniwekea mkono begani. "Kaka, unazani sisi ni wajinga? Tunajua iko filme. Lakini tumekaa na ule muzee musimu yote ya mvua. Muntu ukikaa naye vile, siku anakufa unaamuka tu unaenda kuuza mipira?"

Nilimtazama mama wa duka nikitumaini atawatuliza watu wake. Aliinuka, akazima televisheni, akachukua kitenge akaifunika yote hadi kwenye sanduku, kama inavyofanywa katika nyumba yenye msiba, ambako hakuna redio wala picha. Akajifunga kitambaa kiunoni. Akavuta milango ya duka, akaenda uani kuweka sufuria. Alasiri hiyo mvua ilipokatika, moto ulikuwa unawaka uani, wanaume wameuzunguka, wanawake wameketi kwenye mikeka, na mmoja wao ameanza wimbo wa kanisani wa kuagana. Kulikuwa na utani, ndiyo. Kijana mmoja aliuliza nani atarithi baiskeli. Lakini wimbo ulikuwa wimbo wa kweli, na mama wa duka alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, machozi yakimtoka bila sauti kama maji yanayovuja. Niliona wanawake wawili wakiangaliana. Kila aliyekuwapo alijua machozi yale ni ya nani.

Lori la shemeji likafika kabla jua halijazama.

Hakuna aliyemtarajia katika matope yale. Alikuwa ameinama dirishani, na nilimwona akiona duka limefungwa mchana, moshi uani, wanawake chini, shemeji yake na kitambaa cha msiba kiunoni. Aliruka kabla lori halijasimama. "Mumemupata!" akapiga kelele. "Mumemupata wapi?" Hakungoja jibu. Akaanguka magoti kwenye matope na kulia kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mwanamume, akimwita kaka yake. "Yaya! Yaya yangu! Yaya, ulituachia nani?" Na wanawake, ambao kwao kilio hujibiwa kwa kilio, wakaitikia wote kwa pamoja, hata mama wa mandazi, hata mabinti waliokuja kwa ajili ya maharage tu. Ua mzima ukalia. Mimi nilikuwa najua ukweli sahihi wa jambo lile, najua kila aliyekosea na wapi alipokosea, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliomba Mungu pasiwe na mtu wa kuniuliza.

Alipomaliza pumzi akainua uso. "Mwili iko wapi?"

Mama wa duka akasogea, akapiga magoti mbele yake palepale kwenye matope. "Shemeji, hatuyamupata. Hii kilio haiko yake."

"Iko ya nani?"

Dereva mnene akaangalia viatu vyake.

"Ya muzee wa televizyo," akasema mama. "Ule wa kugawa barua."

Shemeji akatazama sufuria, mikeka, na kupitia mlangoni akaiona televisheni imefunikwa kitenge. "Mumeniliza juu ya filme?" Mama wa mandazi alipatwa na kicheko, akajiziba mdomo, akakohoa. "Mimi, muntu muzima, mumeniliza mu matope juu ya filme!" Kisha akamgeukia shemeji yake, na sasa sauti ilikuwa ya uchungu kuliko hasira. "Na weye. Unalilia muntu wa televizyo, na ndugu yangu hauyamulilia?"

"Shemeji, nani alinikataza kumulilia?"

Akainamisha uso.

"Ni nyinyi. Mulisema nikilia njo nitamuua. Nikafunga mudomo. Kila mara unafika hapa unaniuliza habari, na mi ninafunga mudomo. Leo nimepata muzee mwenye hana ndugu wa kunikataza. Njo nikalia."

Hakusema kwa kelele. Nadhani ndiyo sababu ilisikika hadi barabarani. Shemeji alibaki amepiga magoti, anajipangusa uso kwa mkono wenye matope na kuuchafua zaidi. "Mimi nimeshalia," akasema, kama mtu anayegundua kwamba ameacha mlango wazi. Akarudia, "Nimeshalia mbele ya bantu." Alitazama kote, akitafuta labda mtu wa kumwambia kwamba hakulia, na hakumpata. Akamshika mama wa duka kiwiko, wakainuka pamoja. "Munipe kiti," akasema. Dereva akampa chake. Alikaa karibu na moto, akapewa sahani, akala kidogo, kisha akamwambia mama aliyekuwa anaimbisha, "Endelea. Lakini sasa tuwalilie wote mbili." Na ndivyo ilivyokuwa. Alikaa hadi kilio kilipoondolewa, akarudi Butembo kuongea na mama yake, na baadaye ikasomwa misa huko na huku. Jumapili iliyofuata misa hiyo, wajane wa parokia walisogea kwenye benchi lao na kumfanyia nafasi.

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi, na sidai kwamba nimelimaliza. Huwa tunasema wanaotazama vipindi vya zamani vya upole wanakimbia dunia. Nilisema hivyo mwenyewe, juu yangu mwenyewe. Lakini jiulizeni ni kitu gani katika filamu ile kilichokuwa cha ajabu kwetu. Theluji? Theluji tuliizoea kwa siku moja. Mbuzi, burgumestri, mama wa mikate, hao tunao. Kilichokuwa cha ajabu, kile ambacho watu wa barabara ile walikitazama kama wengine wanavyotazama watu wanaoruka angani, ni mzee kufa kitandani mwake, kwenye shuka safi, kwa uzee tu, majirani wakijua yuko wapi. Watu wa Mubi hawakuchanganya filamu na ukweli. Walikuta humo kifo kimoja chenye mwili wake na mahali pake, wakaona kimetupwa kwa kikombe kimoja cha chai, wakakiokota kama mtu anavyookota kitu kizuri alichokitupa tajiri. Walikuwa na vilio vingi visivyo na mahali. Mzee wa Barua aliwapa mahali.

Na nadhani ukikitazama kitu kwa muda mrefu, unaanza kuamini kwamba na wewe unakistahili. Kijana wa pikipiki alinitumia ujumbe mwingine baadaye, mrefu zaidi. Mama alipozidiwa walimpeleka hospitali, akakaa kidogo, kisha akasema arudishwe nyumbani. Daktari alikataa, naye akamwambia kwa adabu kwamba ameelewa na bado anataka kwenda nyumbani. Amekufa mchana, mama wa mandazi amemshika mkono. Shemeji alikuwapo. Wajane ndio waliomvisha, wakaimba njia nzima hadi makaburini.

Mimi sikuwapo. Niko Masisi, nimepanga chumba kwa mama mmoja mkulima wa maharage na mihogo, na kati yangu na Mubi njia imefungwa, kwa sababu mnazozijua kama mimi. Nilijiwekea mpango unaofanana nami kabisa: ningoje njia ifunguke, nifike Mubi, nione kaburi, niwaulize waliokuwapo ilikuwaje tangu mwanzo hadi mwisho, na baada ya kuwa na habari kamili ndipo nilie, na baada ya kulia ndipo niandike. Nilikuwa nimekaa mlangoni na mpango huo nilipomwona mama mwenye nyumba amesimama na jembe.

"Kaka, uko mugonjwa?"

"Hapana, Mama. Nimepoteza muntu kule Mubi."

"Ndugu yako?"

"Hapana. Nilikuwa na meza kwake."

Aliweka jembe ukutani. "Na kilio unaiwekea wapi?"

"Nitalia nikifika. Njia ikifunguka."

"Na ikikataa kufunguka?"

Alivuka ua, nikamsikia akimwita jirani wa kwanza, na wa kwanza akamwita wa pili. Wakaja wanawake na udongo wa shambani bado miguuni, na wazee wawili wenye koti. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona mama wa duka wala kufika Mubi. Waliketi kwenye majani mbele ya mlango wangu. Mama mwenye nyumba akauliza, "Alikuwa muntu wa namna gani?" Nikaanza, na nikaanza vibaya. Nilianza katikati, nikarudi nyuma, nikachanganya miaka, nikamsahau mumewe kabisa hadi nilipokuwa nakaribia mwisho, nikalazimika kurudi kumchukua. Sentensi hata moja haikusimama sawa. Mahali fulani katikati ya vurugu hiyo sauti yangu ilikatika, na mama mmoja nisiyemjua jina akaitikia kwa kulia, na mwenzake akamwitikia.

Hilo ndilo ninalotaka kuwaachia, nyinyi wenye watu waliobaki upande wa pili wa barabara, walioondoka asubuhi na hawajafika. Msingoje habari ikamilike. Waiteni walio karibu, hata kama hawakumjua, muwaambie alikuwa mtu wa namna gani, hata kama mtasema ovyo. Watakaa.